Mstari wa Jivu

Harufu ya mbwa aliyelowa maji ya ziwa haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina majani yaliyooza ndani yake, ina samaki wa jana, ina blanketi lililosahauliwa nje wakati wa mvua. Watu wengi huikimbia. Mimi ikinifikia, husimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Miaka hii napika katika kambi za mahema. Mwezi huu nitakuwa kando ya ziwa moja la Bonde la Ufa, mwezi ujao ndani ya msitu upande wa magharibi. Sijawahi kukaa mahali nikaona mti nilioupanda ukizaa. Wapiga kambi wa siku hizi huja na mbwa wao. Mbwa wana mikanda ya shingo yenye kengele, wana mabakuli yao yaliyoandikwa majina, na usiku huingia hemani wakalala godoroni na wenyewe. Simlaumu mtu. Juzi tu mbwa mmoja mwekundu alitoka majini, akajikung'uta, akaja moja kwa moja jikoni kwangu akalamba sinia la wali mpaka likang'aa. Mwenye mbwa, binti mwenye adabu zake, alikuja mbio kuniomba radhi. Nikamwambia asijali. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshaanza kuchota udongo.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Naosha sinia."

Alisimama akanitazama nikilisugua kwa udongo na maji, kisha nikilimwagia maji matupu, tena na tena, na alikuwa na heshima ya kutouliza zaidi. Nilipomaliza sikuwa tena pale. Nilikuwa kwenye ziwa jingine, bara ya Lamu, nina miaka tisa, na mbele yangu kulikuwa na kofia.

Niwaeleze nilifikaje huko.

Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mama alifariki kabla sijaujua uso wake. Kwa hiyo Mombasa nililelewa kwa zamu: mwaka huu kwa mke wa rafiki wa baba, mwaka wa pili kwa bibi mmoja aliyepangisha vyumba, mwaka wa tatu kwa watu ambao hata majina yao nimeyasahau. Mkoba wangu wa nguo haukupata kuzoea msumari wowote. Kila nilipoanza kujua ubao gani wa kitanda unalia, nilihamishwa.

Mwisho baba aliandika nafasi yangu katika basi la Lamu na kunikabidhi kwa utingo. Safari ile ilikuwa ndefu kuliko nilivyojua kwamba nchi inaweza kuwa ndefu. Tulipita Malindi, miti ikapungua, mbuzi wakaongezeka. Kabla ya Garsen basi lilizama katika tope jeusi mpaka abiria wanaume wote wakashuka kusukuma, na waliporudi ndani walikuwa na soksi za matope mpaka magotini. Tukavuka mto Tana. Witu nilinunuliwa ndizi na mama mmoja nisiyemjua, akaniambia nisilie, na wala nilikuwa silii. Nilikuwa na furaha. Baba alikuwa amenisimulia juu ya mji wa Lamu: nyumba za mawe, milango ya nakshi, vichochoro ambamo ukikutana na punda mmoja wenu hana budi kurudi nyuma. Watoto wote wa mtaa wetu nilikuwa nimewaaga kwa kuwaambia nakwenda kuishi nyuma ya mlango wa nakshi.

Basi lilituteremsha Mokowe. Ng'ambo ya maji niliuona mji, mweupe, umejipanga ufukweni. Na upande huu wa maji, nikamwona bibi yangu kwa mara ya kwanza: mwanamke mfupi, buibui amelifunga kiunoni, miguuni ana viatu vya mpira vya mvua, mkononi kamba ya punda. Nyuma ya punda alikaa mbwa wa rangi ya mchanga.

"Ndoo, mwanangu," akasema, akinipungia nimsogelee. "Ndia yetu ni hii." Akaonyesha kule basi lilikotoka, msituni.

"Na Lamu?"

"Lamu haikimbii. Kunde ndizo zitakazokimbia, nyani wakizikuta peke yake."

Hivyo ndivyo nilivyoupa mgongo mlango wangu wa nakshi nikamfuata punda.

Bibi yangu, Bi Mwanaesha, alikuwa na nyumba Langoni, mtaa mmoja wa mji wa Lamu. Lakini kisiwani ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo kila mvua zilipokaribia yeye na watu wengine wachache walivuka kuja bara, wakapiga kambi kati ya ziwa na msitu, wakalima mahindi, kunde na simsim, na hawakurudi mpaka mavuno yaingie guniani. Nyumba ya Langoni ilibaki na ami yangu Lali, mdogo wake baba, ambaye alikuwa mshoni wa kofia.

Kambi yetu ilikuwa hema moja la tanga kuukuu, zito, lenye viraka vya kila rangi, na kando yake kibanda cha makuti cha kupikia. Mbele lilikuwa ziwa, limejaa mayungiyungi pembeni, na katikati viboko waliotoa masikio na pua tu, wakikohoa kama wazee waliokosa usingizi. Nyuma ulikuwa msitu. Kati ya hema na msitu lilikuwa konde, na ndani ya konde dungu, jukwaa la miti la kukalia na kulinda. Nyani walikuja mchana mweupe, wengi, wakiongozwa na dume lililotembea kama mwenye shamba anayekagua vibarua. Mtu peke yake hawawezi. Ndiyo maana tulikuwa na mbwa.

Walikuwa watatu, na majina yao nilidhani ni mzaha mpaka nilipoijua Langoni. Bibi alikuwa mwanamke aliyewafundisha nusu ya watoto wa mtaa kusoma Kurani. Na sasa mwanamke huyo anafuga mbwa! Maneno yalipomfikia hakujibu mtu. Aliwapa mbwa majina. Mkubwa, yule wa rangi ya mchanga, aliitwa Semeni. Wa pili Mtachoka. Wa tatu, ambaye alikuwa na jicho moja bovu, aliitwa Yangu Macho. Kila alipowaita kutoka kondeni, sauti yake ikapita juu ya ziwa, alikuwa amewajibu watu wote wa mtaa kwa mkupuo mmoja.

Jirani yetu wa kambi alikuwa Bwana Kombo, mjane mwenye mdomo, aliyevua kambare ziwani na kukaa pale mwaka mzima. Ndiye aliyebaki na mbwa msimu ukiisha. "Bi Mwanaesha," alimwuliza siku moja, "ukipata wa nne utamwitaje?"

"Kombo. Akiwa wa kubweka bila ya sababu."

Sasa, msidhani mbwa hao waliishi nasi ovyo. Kambi ilikuwa na mpaka. Kila asubuhi, kabla sijaonja chai, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchota jivu la meko na kuuchora upya mstari uliolizunguka hema na kibanda. Upande wa ndani tuliishi sisi, vyombo vyetu, mitungi na mikeka ya kuswalia. Upande wa nje waliishi wao, na vigae vyao vya kulia. Bibi aliwafundisha tangu wakiwa watoto wa kushikwa kwa mkono mmoja. Nyama ingeweza kuangukia hatua moja ndani ya jivu. Wangeitazama, wangelia, mate yangetiririka, lakini mguu usingevuka.

Na mimi nilifundishwa pamoja nao. Mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa chombo, nguo au mkono, huoshwa mara saba, na moja ya hizo saba ni kwa udongo. Bibi aliweka mkebe wa vumbi jeupe laini, amelichunga kwa kitambaa, kwa kazi hiyo tu. Wiki za mwanzo niliosha mikono mpaka vidole vikakunjamana kama vya mfa maji, kwa sababu Semeni alinipenda na mapenzi yake yalikuwa na ulimi. Mara moja nilichoka nikamwambia Bibi kwamba kama mbwa ni mchafu hivyo, basi bora tuwafukuze.

Alikuwa akipepeta. Hakuinua uso. "Ni nani aliyekwambia ni mtafu? Ni wa nde. Na wa nde ndiye alindaye ndani. Walimu wetu wamempa ruhusa mbwa wa konde. Wewe ni nani umnyime? Mguse akiwa mkavu, na mkono wako mkavu. Mkavu kwa mkavu hakuna neno."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtoto pekee wa bara yote ile aliyempangusa mbwa kwa majani makavu kabla ya kumkumbatia.

Nilikuwa nimefika. Sijui niliseme vipi jambo hili bila kulikuza. Mkoba wangu ulitundikwa kwenye nguzo ya hema, kwenye tawi lililokatwa likaachwa kisiki, na haukuteremshwa. Wiki zikapita. Buibui akafuma utando kutoka mkobani mpaka kwenye turubai, na mimi nilikuwa nikiutazama utando ule kila nikiamka kama mtu anayeitazama hati ya nyumba yake. Nilijua dume la nyani linaanzia pembe gani ya konde. Nilijua Mtachoka anabweka kabla ya kuona na Yangu Macho anabweka baada. Asubuhi harufu ya kwanza ilikuwa ya umande juu ya majani ya kunde, ya pili ya moshi, ya tatu ya Semeni aliyetoka kuoga.

Kuoga ndiyo ilikuwa starehe yake. Maboya ya nyavu za Bwana Kombo yakikatika, Semeni aliogelea akayafuata katikati ya mayungiyungi na kuyarudisha mdomoni, na malipo yake yalikuwa kichwa cha kambare.

Kunde zilikuwa zimeanza kufunga maganda Bwana Kombo aliporudi kutoka Mokowe na habari. Aliisema akiwa bado mbali, kama kawaida yake. "Bi Mwanaesha! Mwanao Lali yuaja! Asema mtoto wa baharia hatalelewa na mbwa. Amchukua kwenda naye mjini."

Nilimtazama Bibi. Nilingoja aseme hapana. Aliendelea kung'oa gugu alilolishika, akalikung'uta udongo.

"Baba yako yuko baharini," akasema. "Asipokuwapo, mwenye neno juu yako ni ami yako. Mimi mwenye neno juu ya kunde."

Ami Lali alikuja kabla ya adhuhuri siku ya pili, viatu mkononi, kanzu ameipandisha isiguse vumbi. Alikuwa mwembamba, vidole virefu, macho mekundu ya mtu anayeishi kwa kutazama tundu za sindano. Na kichwani alivaa kofia ambayo sijaona nyingine kama ile mpaka leo. Ilikuwa nyeupe, na kila mahali ilipotazamwa ilikuwa na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, maua ndani ya maua. Aliishona tangu Maulidi yaliyopita, na aliishona aivae katika Maulidi yajayo. Langoni watu walikuwa wakipita barazani kwake kuuliza imefika wapi, kama wanavyouliza hali ya mgonjwa mpendwa.

Alimbusu mamake mkono. Akaketi mkekani, akautazama mstari wa jivu, na mbwa watatu waliokaa nje yake wakimtazama.

"Mama, watu wanasema."

"Semeni!" Bibi akaita. Semeni akaja mpaka jivuni, akakaa, akainamisha kichwa upande. "Hilo ndilo jawabu langu, Lali. Kunywa chai."

Bwana Kombo, ambaye hakualikwa na hakuwa na haja ya kualikwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Ami Lali hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwa sababu haukuwa na mahali pa kupigia. Alisema mtoto wa miaka tisa mahali pake ni chuoni, akisoma Kurani, na shuleni. Alisema nimeshajua kubweka na bado sijajua kutawadha. Alisema kuna lori la mbao litakalopita barabarani likirudi Mokowe, nalo litapiga honi. Akishaswali adhuhuri ataondoka na mimi.

Bibi aliinuka akaingia hemani. Nilimwona akiuteremsha mkoba wangu. Aliukung'uta, na utando ukakatika ukaelea hewani, na buibui akakimbilia juu ya nguzo.

Ami alikwenda ziwani kutawadha. Nilimfuata kwa kuwa ndiyo adabu, nimebeba kopo la maji. Alipofika kwenye kupaka kichwa, alivua kofia akaiweka juu ya kisiki.

"Usiiweke hapo, Lali," Bwana Kombo akapaza sauti. "Upepo wa ziwa hili una mikono."

Akawa amechelewa. Kofia ilijiinua, ikajiviringisha juu ya nyasi kama mtoto aliyetoroka chuoni, ikaingia majini. Kwanza ilikaa juu, wima, kama kwamba chini yake kuna mtu. Kisha ikaanza kwenda. Ilipita mayungiyungi ya kwanza, ikapita ya pili, ikaelekea kule kwenye masikio na pua. Kiboko mmoja akakohoa. Ami Lali aliingia maji ya magoti, akasimama. Nilimwona uso. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama mwaka wake mmoja ukizama.

Hakuna aliyemtuma Semeni. Labda kwake kila kinachoelea ni boya. Nilisikia tu maji yakipasuka, kisha nikaona kichwa cha rangi ya mchanga kikichora mstari kuelekea katikati. Sikuweza hata kuita. Kiboko wa karibu alizama, na maji pale alipozama yakawa laini, na ulaini ule ulinitisha kuliko kishindo. Semeni akaifikia kofia, akaishika, akageuka. Kiboko aliibuka mbali kidogo, nyuma yake, akapiga mwayo. Kombo akasema, "La ilaha illa Llah," taratibu, kama anayejisemea.

Mbwa alitoka majini, akampita Ami Lali, akanipita mimi, akaenda mbio mpaka kambini. Na alipofika kwenye mstari wa jivu alisimama. Akakaa. Kofia ilikuwa mdomoni, imelowa, imelegea, ua moja limening'inia kando ya jino. Ami alikuja nyuma yake akihema, akaingia ndani ya mstari kwa upande wa hema, akageuka. Wakawa wanatazamana, jivu kati yao. Semeni akaiweka kofia chini, nje kidogo ya mpaka, akaisukuma kwa pua. Kisha, kwa heshima yake, akasogea pembeni kwenda kujikung'uta, na pembeni huko ndiko alikokuwa Bwana Kombo.

"Alhamdulillahi," Kombo akasema, akijipangusa uso. "Na mimi nimepata kazi ya kuosha."

Ami Lali hakumsikia. Alikuwa akiitazama kofia. "Imeharibika," akasema. "Mama, imeharibika."

"Haikuharibika." Bibi alikuwa ametoka hemani, mkoba wangu mkononi. "Imeingia najisi. Kitu kilichoharibika hutupwa, Lali. Chenye najisi huoshwa. Umesahau niliyokusomesha?" Akanigeukia mimi. "Mkebe uko pale. Mara saba, moya kwa mtanga."

"Mtoto huyu?" Ami akashtuka. "Hii ni kazi ya mkono, mama! Nyuzi hizi..."

"Wewe si umesema hajui? Keti umtazame asivyojua."

Nilichukua mkebe wa vumbi jeupe, beseni na mtungi. Nilijua kwamba kila kitu kiko ndani ya beseni lile. Nikikosea, ninakwenda na lori. Nililoweka vumbi kidogo likawa kama uji mwepesi, nikalipaka kofia kwa ncha za vidole, kufuata ushonaji, ndani kisha nje, bila kusugua. Vitundu vilikuwa vidogo mno. Nilivijaza kimoja kimoja kwa vumbi na kuvisuuza. Maji ya kwanza nikayamwaga nje ya jivu. Nikasuuza beseni. Maji ya pili. Ya tatu. Ami alikuwa ameketi mkekani, kichwa wazi, nywele zimelala, midomo yake ikienda taratibu, na nilidhani anasoma dua.

Ndipo honi ikalia barabarani. Lori lilikuwa limekuja kabla ya wakati wake. Ililia mara mbili, ndefu, na mbwa wote watatu wakaijibu, na katika zogo lile hesabu ikanitoka kichwani. Nilikuwa nimeshika kofia, maji yanachuruzika, na sikujua kama nimemaliza ya sita au ya saba.

"Tayari?" Ami akauliza. "Zimetimia?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nilitaka nionekane najua. Lakini nilijaza tena beseni.

"Wafanya nini? Wataka lori liende?"

"Hapana, Ami. Nimeshuku. Ni sita au saba, sijui. Bibi asema ukishuku, shika ile ndogo."

Honi ikalia tena. Ami Lali aliangalia upande wa barabara, akaniangalia mimi, akamwangalia mamake. Bibi alikuwa akichagua kunde kwenye ungo kana kwamba hatupo.

"Basi osha," akasema.

Niliosha. Niliiminya kwa kuibana kati ya viganja, bila kuisokota, nikaitandaza juu ya kichwa cha mtungi safi ili isipoteze umbo. Nilipoinua macho nilisikia lori likibadilisha gia na kwenda zake, sauti ikififia kwenye miti. Kofia haikuwa nyeupe tena. Vumbi lilikuwa limeiachia rangi hafifu, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nilingoja anipige.

Aliichukua ikiwa mbichi, akaivaa. Maji yakamteremka shingoni. "Tawadha," akaniambia. "Tuswali."

Nilitawadha akinitazama, kisha tukaswali, yeye mbele, mimi kulia kwake nyuma kidogo, Bibi nyuma yetu, na mbwa watatu wamelala nje ya jivu wakichunga msitu. Alipotoa salamu, alimgeukia mamake.

"Akae mpaka mavuno," akasema. "Kisha aje chuoni na shuleni. Msimu ukirudi, na yeye atarudi."

Bibi alinitupia mkoba. Niliutundika mwenyewe.

Ikawa hivyo kwa miaka. Hatimaye niliishi nyuma ya mlango wa nakshi, au tuseme mlango wenye nakshi nusu, nusu nyingine ililiwa na mchwa. Nilisoma Langoni, nikajua harufu ya udi na ya uzi mpya, nikamshikia Ami kipande cha kitambaa barazani. Lakini kila likizo ya mvua nilikuwa kambini, nachora jivu. Watoto wa mtaa waliniita Mwana wa Semeni. Jina hilo nililipenda.

Siku ya kuondoka ilikuja nikiwa kijana wa kwenda sekondari ya bweni, mbali na pwani. Mwaka huohuo magoti ya Bibi yalikataa konde, na yeye alikuwa mtu wa kuelewa anapoambiwa. Kunde zilizosalia na mbwa alimwachia Bwana Kombo. Mtachoka alikuwa ameshakufa kwa uzee. Yangu Macho alikuwa haoni hata kwa lile jicho jema. Semeni alikuwa na mvi mdomoni, na ziwani aliingia mpaka tumboni tu, kwa kumbukumbu.

Ami Lali alikuja kutuchukua na punda wawili. Alikuwa amevaa kofia ileile. Alikuwa ameshona nyingine nyingi tangu siku ile, nyeupe pee, na zote zilikwenda kwa wenyewe; hii ya rangi ya maziwa na chai ndiyo aliyovaa Maulidi, ndiyo aliyovaa Ijumaa. Watu walimwuliza kwa nini haitii dawa ya kung'arisha. Aliwajibu kwamba imeshaoshwa vya kutosha.

Tuliteremsha hema. Tanga lilipoanguka chini lilitoa pumzi ndefu. Bibi alinipa jivu la mwisho la meko nikalimwage ziwani, lakini mimi nilikwenda nikauchora mstari, mzima, kuzunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ami aliniacha nimalize. Akaja akasimama karibu yangu.

"Zilikuwa saba," akasema.

"Nini, Ami?"

"Siku ile. Honi ilipolia ulikuwa umetimiza saba. Nilikuwa nahesabu."

Nilimtazama. Alikuwa akitazama barabara, kule lori lilikopita miaka ile.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuosha."

Semeni alikuja mpaka kwenye jivu akakaa, kama kawaida. Jua lilikuwa kali, manyoya yake yalikuwa makavu. Ami Lali alipangusa kiganja chake kwa kanzu, upande mmoja, kisha wa pili, akavinyoosha vile vidole virefu juu ya mstari na kuviweka kichwani pa mbwa, katikati ya masikio. Akaviacha pale.

"Mkavu kwa mkavu," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Nimekaa kambi nyingi tangu wakati huo, na mkoba wangu umerudia tabia yake ya zamani. Watu hudhani mtu anayehamahama hana mpaka wala kwao. Mimi najua kuna mahali ambapo mtu mwenye neno juu yangu aliliacha lori liende. Nilidhani siku ile nilibaki kwa sababu nilijua kuosha. Kumbe nilikuwa nimeshatimiza, na ami yangu alijua, akanyamaza, ili mimi niseme ukweli, nioshe mara moja zaidi, na lori litangulie.

Siku ya kuondoka, tulipofika kwenye miti niligeuka. Bwana Kombo alikuwa akipunga mkono na kupiga kelele za maneno ambayo upepo uliyachukua. Semeni alikuwa amekaa palepale, nje ya jivu, analinda patupu.